Jmosi na Jpili Dar na watoto wawili

Dada, kwa watoto wa miaka 6 na 9 anza Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali na wataingia mpaka ndani kuchungulia, jioni shukeni Coco Beach mle mihogo ya kukaanga na kachumbari, ila pilipili waambie waweke pembeni maana hawaulizagi. Jpili boti ya kwenda kisiwa cha Bongoyo inatokea Slipway pale Msasani, wahini asubuhi. Shemeji kama ni wa mpira mpeleke kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, ila na watoto chagueni mechi ya kawaida, dabi ya Simba na Yanga hapana aisee, kutoka getini tu ni shughuli.