Maswali ya Wasomaji: Kikao cha kupinga udhalilishaji wa watoto kianze wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wilaya ya Wete, Pemba. Mwaka huu mtoto wa miaka saba katika shehia yetu alidhalilishwa kingono na mtu ambaye familia yake ilimwamini. Baada ya tukio hilo, wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tumekusudia kuitisha kikao cha kuwaelimisha wazazi, lakini baadhi ya wazee wamekataa. Wanasema kuzungumzia sehemu za siri mbele ya watu ni kuvunja heshima, na kwamba mtoto akifundishwa mambo hayo atafunguka macho kabla ya wakati wake. Wanasema pia kwamba la yule mtoto limekwisha, kwani wakubwa wa pande mbili wamekaa na wamesameheana. Je, tuanzie wapi?

JAWABU: Waalaykum salaam, mama. Niruhusu nianze na yule mtoto, kisha nije kwenye kikao, kwa sababu jambo lake halijakwisha na hao waliokaa hawakuwa na uwezo wa kulimaliza. Kumdhalilisha mtoto ni kosa la jinai. Kesi yake huendeshwa na Serikali kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, na mzazi huingia humo akiwa shahidi. Hana kesi yake binafsi ya kuisamehe wala ya kuifuta. Naomba mmoja wenu apige simu namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na haitozwi malipo, au aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto naye apelekwe kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Chake Chake, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana pahala pamoja, ili asilazimike kusimulia habari ile ile kila mlango anaoingia. Ni kweli kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, na muda huo umeshapita. Hata hivyo uchunguzi wa maradhi mengine, matibabu na ushauri nasaha bado anavihitaji, na ni haki yake.

Kinachowazuia watu kufanya hivyo si ukosefu wa habari. Wengi wetu tunajua kwamba polisi wapo. Kinachotuzuia ni muhali: mtuhumiwa ni ami yake mtoto, au ni jirani tuliyezikana naye na kuozeshana, na tunaona tabu kumtazama mama yake kisimani baada ya kumpeleka mwanawe gerezani. Ndiyo maana kesi nyingine hufika mahakamani kisha shahidi hatokei. Mkipata nafasi ya kuzungumza neno moja tu katika kikao chenu, lizungumzeni hilo, na mlizungumze waziwazi. Muulizane mbele ya watu mtafanya nini siku mtuhumiwa atakapokuwa kaka yako wewe, maana swali hilo likijibiwa kabla ya msiba, jawabu huwa tayari msiba ukifika.

Ama kuhusu hofu ya wazee, msiwapuuze, kwani heshima wanayoitetea ni yetu sote. Waombeni mrejee pamoja Surat An-Nur, aya ya 58. Humo Mwenyezi Mungu anaamrisha kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Swala ya Isha. Mtoto asiyejua kwamba mwili una sitara hawezi kuitekeleza amri hiyo, basi kumfundisha sitara hakuwezi kuwa ndiko kuvunja heshima. Mwalimu wa madrasa akiisoma aya hiyo katika kikao na kuieleza, nusu ya upinzani mnaouona huenda ukaondoka.

Anachohitaji kufundishwa mtoto wa miaka mitano au sita ni kidogo kuliko wazee wanavyodhania. Ajue majina ya sehemu zake za siri kwa maneno ambayo daktari au polisi atayaelewa. Ajue kwamba hapana mtu wa kuzichezea wala wa kumtaka mtoto achezee za mtu huyo, awe mwalimu, jamaa au mtoto mwenzake mkubwa. Ajue pia kwamba mtu mzima akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Maneno haya husemwa wakati wa kumkosha au kumvisha, kwa sauti ya kawaida, na hurudiwa mara nyingi.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, si wa mtoto. Niliwahi kukaa na akina mama wa kijiji kimoja cha Kusini Unguja waliokuwa wakisuka ukili huku wakimsikiliza mshauri. Alipokuwa akieleza sheria, mikono yote iliendelea na kazi. Alipouliza, "Jana kuanzia saa nane hadi magharibi mtoto wako alikuwa na nani?" mikono ikasita, na mama mmoja akaushika ukili wake mapajani bila kuusuka mpaka kikao kikamalizika. Hapo ndipo elimu ilipoingia. Kwenu Pemba swali hilo liulizeni hasa kabla ya msimu wa karafuu, wakati wakubwa wanaposhinda mashambani na watoto wakaachwa kwa yeyote aliyebaki mtaani.

Waiteni wanaume, na mnapozungumzia watoto watajeni na wa kiume, kwani nao ni watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionesha kwamba kwa Zanzibar asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tunamlinda msichana, na mvulana tunamwacha alale popote kwa kuwa "yeye mwanamume". Naliona kuwa ni kosa letu kubwa.

Sheha, kiongozi wa shehia yenu, awepo, na mratibu wa wanawake na watoto wa shehia naye awepo, ili watu wawajue kwa sura. Kikao kimoja hakitoshi. Wekeni kingine kabla hamjatawanyika.

SWALI: Nafundisha mpira watoto wa mtaani kwetu, Unguja. Juzi mmoja wao, mwenye miaka kumi, alinieleza jambo baya analofanyiwa na mtu wa nyumbani kwao, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nimeapa. Nifanye nini?

JAWABU: Kivunje kiapo hicho, ndugu yangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba aliyeapa kisha akaona lenye kheri zaidi, alifanye hilo na atoe kafara ya kiapo chake. Mwambie mtoto mwenyewe kwanza kwamba umemsadiki, kwamba hana kosa lolote, na kwamba utawaambia watu wanaoweza kumkinga. Usimhoji zaidi na usimkabili mtuhumiwa, kwani atapata muda wa kumtisha mtoto. Kwa kuwa hatari imo ndani ya nyumba yenyewe, usianze na familia. Piga 116 leo, au nenda Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Na akikujia kesho akisema limetokea tena, asikoshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya kufika huko. Ikiwa ameshazivua, zitieni katika mfuko wa karatasi bila ya kuzifua na mwende nazo.