Nisiandike "per cent" kila sentensi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najiandaa na mtihani wa Kiingereza wa IELTS, nipo kwenye ile kazi ya kuelezea chati, sasa kila nikimaliza naona "per cent" imejaa karatasi nzima. Rafiki yangu kanishauri nichomeke "majority" na "proportion" nipate maksi za msamiati. Yuko sahihi? Halafu mbona nikiandika "the percentage of 45% students" nakatwa?

JIBU: Marahaba. Msamiati ni robo ya maksi za kazi hiyo kweli, ila kuna robo nyingine inaangalia kama umeelezea chati sawasawa, kwa hiyo ukibadilisha neno mpaka namba ikapinda unapata huku unapoteza kule.

Tuseme chati inaonyesha wanafunzi 48% wanapanda basi, 26% wanatembea, 20% baiskeli, 6% gari. Hiyo 26 imezidi robo kidogo tu, andika "just over a quarter". 48 ni "nearly half", 20 ni "one in five", na 6 iache hivyo hivyo "only 6%", mbona inapendeza tu. Wa basi usiwaite "majority" maana hawajafika nusu, ingawa ndo wengi kuliko wengine, hao ni "the largest group". "Vast majority" itunze kwa 90 na kuendelea. Na tafadhali sana usiandike "approximately 48.3%", namba imeshatajwa mpaka desimali halafu unasema takriban, ya nini?

Kwa nini unakatwa: "per cent" inakaa baada ya namba, "percentage" haitaki namba pale. Ni "45% of students", au "the percentage of students who cycled was 45%". "Proportion" inafuata njia ya "percentage".

Sasa pakuangalia kweli ni hapa, maana watu wazuri kabisa wa Kiingereza wanaanguka. Asilimia ikitoka 20 kwenda 30 wanaandika "rose by 10%", kumbe 10% ya 20 ni 2, ungefika 22 tu. Andika "rose by 10 percentage points", au "rose from 20% to 30%" ukitaka usalama. Pia usibadilishe "proportion" kuwa "number" eti ni visawe, hapana, waendesha baiskeli wakiwa 20 kati ya 100 halafu mwaka unaofuata wakawa 15 kati ya 50, idadi imeshuka lakini asilimia imepanda mpaka 30, umeona?

Ukichoka na maneno geuza sentensi. "Nearly half of the students took the bus" inaweza kuwa "Bus users made up nearly half of the total", au weka "accounted for". Na "per cent" ikijirudia mara tatu nne kwenye maneno 150 ya kazi hiyo sioni tatizo kabisa.