Ukiangalia Downton Abbey, anzia jikoni

Kila ninayemshawishi aangalie Downton Abbey hunirudia na lalamiko lilelile: "Hawa watu kazi yao kubadilisha nguo tu." Ni kweli. Wana nguo za kunywea chai, nguo za kuwindia, na ikilia kengele ya jioni wanapanda tena vyumbani kuvaa upya kwa ajili ya chakula. Mtu akiikodolea macho meza yao peke yake, kipindi cha pili kinamkuta kashalala kwenye kochi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuanza, na kwa aliyeiachia njiani, ni huu: itazame nyumba ile kutokea chini. Chagua mtumishi mmoja, mfuate kila aendako, na wenye nyumba utawajua kupitia kwake.

Kwa ambaye hajakutana nayo, ni tamthilia ya Uingereza iliyoandikwa na Julian Fellowes na kuonyeshwa na kituo cha ITV kuanzia Septemba 2010 hadi Krismasi ya 2015. Misimu 6, vipindi 52. Ni habari za familia ya Crawley, makabaila wa Yorkshire, pamoja na watumishi wao, tangu Aprili 1912 hadi usiku wa kuukaribisha mwaka 1926.

Mimi wa kwanza kumfuata alikuwa Daisy, msichana wa jikoni aliye chini ya kila mtu. Kipindi cha kwanza anaamka kabla hakujapambazuka, anagonga milango ya wenzake kuwaamsha, kisha anapita vyumba vya mabwana kuwasha moto huku wenyewe wamelala. Baadaye anashangaa kuona magazeti yanapigwa pasi. Anaelezwa kwamba ni kuukausha wino, usije ukachafua vidole vya bwana. Wengi huipita sehemu hiyo wakisubiri habari kubwa ya siku, ya kuzama kwa Titanic pamoja na mrithi wa nyumba. Lakini tazama habari hiyo inavyoshuka ngazi. Juu wanajadili mali. Chini nao wanajadili mali hiyohiyo, tena kwa wasiwasi zaidi, maana mrithi mpya anaweza kuja na watu wake na wao wakajikuta barabarani.

Jambo la pili ni vyeo. Wageni wa tamthilia hii hudhani kuna matabaka mawili, mabwana na watumishi. Chini kwenyewe kuna ngazi nyingi kuliko juu. Carson, mkuu wa watumishi, akiingia kwenye chumba chao cha kulia, wote husimama. Wanakaa kwa kufuata daraja. Vijana wa kuhudumia mezani na wasichana wa vyumbani huitwa kwa jina la kwanza, Thomas, William, Anna, Gwen. Bates, anayemvalisha bwana, ni "Bates" kwa bwana na "Mister Bates" kwa wenzake. Bi Hughes, anayesimamia usafi, stoo na wasichana wote, na Bi Patmore mpishi, wanaitwa "Missis" ingawa hakuna aliyeolewa. Ni heshima ya cheo. Ukishayashika haya, nusu ya ugomvi utauelewa bila kuelezwa. Bates anapofika na mguu wake mbovu na fimbo, Thomas anamchukia kwa sababu nafasi ile aliitaka yeye. Hakuna siri nyingine hapo.

Nakushauri pia uwashe maandishi ya Kiingereza chini ya picha, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lafudhi ya kaskazini ya Daisy na Bi Patmore inakimbia, na maneno yao mengi matamu husemwa huku sufuria zinagongana. Bibi mzee Violet, mama wa bwana, aliyeigizwa na Maggie Smith, hana haja ya maandishi. Kila neno lake linatoka limenolewa. Matthew, mrithi mpya ambaye ni wakili kutoka Manchester, anaposema shughuli za shamba atazifanya wikiendi, bibi anauliza wikiendi ni nini. Tulicheka sana nyumbani, lakini swali ni la haki. Asiyekuwa na siku ya kazi atajuaje siku ya mapumziko?

Kitu kitakachokusumbua zaidi ni mirathi. Tulipokuwa tukiangalia na mama yangu, alisimamisha picha akadai maelezo: mtu ana mabinti watatu wazima, kwa nini mali iende kwa binamu wa mbali asiyemjua? Kwetu tulizoea kwamba binti ana fungu lake katika mirathi, hata kama ni nusu ya la kaka yake, kwa hiyo jambo hili linagoma kuingia akilini. Jibu ni kwamba shamba na jumba vimefungwa kisheria viandamane na cheo, na cheo hurithiwa na mwanamume wa ukoo. Kinachoongeza uchungu ni fedha za Cora, mke wa Lord Grantham mwenye nyumba. Alikuja kutoka Marekani na utajiri mkubwa, na baba mkwe akahakikisha utajiri huo unaunganishwa na shamba. Kwa hiyo hata fedha za mama haziwezi kuwafikia mabinti zake. Msimu wa kwanza wote unazunguka fundo hilo. Usipolielewa, utamwona Lady Mary, binti mkubwa, ni msichana mwenye maringo tu, na utamwonea.

Sasa Gwen. Ukiniuliza nani wa kumfuata, leo sisemi tena Daisy. Gwen ni msichana wa kusafisha vyumba, mtoto wa kibarua wa shambani, na amenunua mashine ya kupiga chapa kwa siri kwa sababu anataka kuwa katibu muhtasi. Wenzake wanapoigundua mashine, wapo wanaoona anajidai. Lady Sybil, binti mdogo wa nyumba, ndiye anayemsaidia kuomba kazi, na mwishowe anaipata kwenye kampuni inayokuja kufunga simu. Anaondoka, tamthilia inaendelea bila yeye, unamsahau. Msimu wa sita anarudi kama mgeni wa chakula cha mchana, ameolewa, amevaa vizuri, anakaa mezani, na wenye nyumba hawamtambui. Alitandika vitanda vyao miaka kadhaa! Anayefichua siri ni Thomas, kwa chuki. Gwen anaeleza basi jinsi Sybil, ambaye wakati huo ni marehemu, alivyomsaidia. Dada anayetusaidia kazi hapa nyumbani alikuwa amekaa nasi siku ile. Alisema, "Si kwamba wamemsahau. Hawakuwahi kumwangalia." Sikuwa na la kuongeza, na sijawahi kusoma uchambuzi ulioisema tamthilia hii vizuri zaidi.

Msimu wa pili ni wa Vita Kuu ya Kwanza, unaanzia kwenye mahandaki ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Jumba linageuzwa nyumba ya kuuguzia maofisa. Hilo halikubuniwa kutoka hewani: Highclere Castle, jumba la Hampshire linaloonekana kwenye picha, lilikuwa hospitali kweli wakati wa vita ile, chini ya Lady Almina, mke wa Lord Carnarvon. Huyo Carnarvon ndiye aliyegharimia uchimbaji uliofichua kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, mwaka 1922. Mtanzania anayetazama msimu huu akumbuke pia kwamba mwaka huohuo wa 1916, mwezi Septemba, Waingereza waliingia Dar es Salaam, na jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) wa vita hiyohiyo. Tamthilia haituoni, wala sikuitegemea ituone, lakini vita ni moja.

Jikoni, kwa taarifa yako, si Hampshire. Jiko na vyumba vya watumishi vilijengwa studio, Ealing, magharibi mwa London. Kijana akipanda ngazi na sinia la samaki amevuka kilomita zaidi ya 70.

Tahadhari yangu moja: usiichukue kama somo la historia ya watumishi. Lord Grantham ni mwema kupita kiasi. Anamfukuza Bates halafu anakimbilia gari kumrudisha. Anagharimia matibabu ya macho ya mpishi. Mabwana wema walikuwepo, sikatai, lakini Uingereza ya 1911 ilikuwa na wanawake zaidi ya milioni 1 katika utumishi wa nyumbani, na wengi hawakuwa kwenye majumba yenye wenzao wa kucheza nao karata jioni. Walikuwa wawili, au mmoja peke yake, katika nyumba ya mtu wa kawaida, kuanzia alfajiri hadi usiku. Fellowes anaandika akiwa karibu na juu. Mwaka 2011 mwenyewe aliingia Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza. Hilo halimfanyi mwandishi mbaya. Ila anapowapa watumishi furaha, mara nyingi ni furaha ya kuipenda nyumba ile. Mwangalie Bi Hughes msimu wa kwanza: mkulima mmoja aliyemfahamu zamani anamwomba amwoe, naye Bi Hughes anavaa vizuri na kwenda kumwona, kisha anakataa. Angekubali ingebidi aache kazi na cheo chake chote. Hapo Fellowes anafika mahali penyewe, tena bila kelele, na natamani angekaa pale zaidi.

Kuhusu mpangilio: angalia misimu kwanza. Filamu tatu za 2019, 2022 na 2025 ni za watu ambao tayari wamewapenda wahusika. Ukianza nazo utaona harusi na sherehe za watu usiowajua. Katikati pana vilima, hasa ile kesi ndefu ya Bates, ambayo mimi niliikimbiza bila aibu. Na kipindi cha Krismasi ya 2012 usikiangalie siku unayotafuta furaha.

Ukimaliza na bado una hamu, tafuta Upstairs, Downstairs, ya ITV pia, iliyorushwa 1971 hadi 1975. Iliasisiwa na waigizaji wawili, Jean Marsh na Eileen Atkins, ambao wazazi wao waliwahi kuwa watumishi, na Marsh mwenyewe akamwigiza Rose, mtumishi wa nyumba ya Eaton Place, London. Jumba ni dogo, fedha za kutengenezea zilikuwa chache, na watumishi hawashukuru ovyo. Baadhi ya vipindi vya mwanzo havina rangi. Runinga yako ni nzima. Mafundi wa ITV walikuwa wamegoma kutumia mitambo ya rangi wakidai nyongeza ya malipo.