Simamisha hizo fulana kwanza

Mpigie fundi wa fulana leo hii, kabla hajakata kitambaa. Unasema kamati yenu ya chuo huko Nakuru imekwisha kuagiza fulana 400 za mbio za hisani za kilomita 10, na sasa unauliza kuhusu njia, kibali, wafadhili na namna ya kuwavuta wanafunzi wasiopenda mazoezi. Hilo la mwisho ndilo lililopaswa kutangulia fulana.

Mimi niliagiza 300 nikiwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Kisumu, kwa shilingi 450 kila moja. Aliyenishauri ni bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa matamasha, ambaye alinihakikishia kwamba mwanafunzi hakimbii bila fulana na mgeni wa heshima. Kumbe yeye na mchapishaji walikuwa na mgao wao, na mimi ndiye niliyekuwa mnofu. Waliolipa ada ya shilingi 500 walikuwa 61. Shilingi 40,000 ambazo watu walikuwa wamechangia makao ya watoto zilimezwa na bili ya fulana, na shilingi 64,500 zilizobaki nilizilipa kwa kufundisha tuisheni likizo mbili. Siku yenyewe mgeni wa heshima alifika saa tatu na nusu, jua likiwa limekwisha kuchemsha lami, na tulipofika Dunga, ufuoni mwa ziwa, wenzangu wengi, ambao hawakuwa wamekimbia tangu kidato cha nne, waliketi kivulini wakaagiza samaki.

Kule kwenye makao tulipeleka marobota mawili ya unga, tuliyochangia mifukoni, pamoja na fulana 90 za watu wazima. Mama mlezi aliinua moja, akaipima kwa mtoto wa miaka 6, ikamfika vifundoni, akasema kwa upole, "Atakua." Sijapata kuaibika namna ile. Nyingine mjomba wangu wa Ahero alizivika sanamu za kufukuzia ndege kwenye mpunga, na nakiri kwamba hao ndio washiriki wangu waliodumu uwanjani muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: wanafunzi wakimbie pamoja wiki sita kwanza, ndipo mtangaze tarehe, na nguo ije mwisho kabisa, kwa aliyekwisha kuilipia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mbio zenu ni za siku moja tu; hata zikimtosha mtu wiki hiyo, hazimtoshi mwaka. Muhula uliofuata tulianza watu tisa, kila Jumanne na Alhamisi jioni, wengine wakitembea tu, na kila aliyehudhuria alituma shilingi 20 moja kwa moja kwenye nambari ya M-Pesa ya makao, bila kupitia mkononi mwangu, maana mkono wangu ulikuwa umekwisha kujulikana. Wiki ya sita tulikuwa 43. Aliyekosa aliulizwa na wenzake yuko wapi, na swali hilo liliwatoa watu vitandani kuliko bango lolote.

Fundi akikataa kurudisha malipo ya awali, basi angalau mwombe asichape tarehe. Zangu zilikuwa na tarehe kifuani na mgongoni.