Lubumbashi hadi Kinshasa: usisome muda wa ndege kwa kutoa saa za tiketi

Mtu wa familia akipata safari ya Kinshasa, iwe ni viza au karatasi za wizara, hunitumia picha ya tiketi na kuniuliza atakaa hewani muda gani. Njia hiyo naifahamu kwa sababu ya kazi yangu. Neno langu la kwanza kwao huwa moja: usichukue saa ya kufika ukatoa saa ya kuondoka.

Tiketi huandika saa ya kila mji, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukiondoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, 10:00 na kutua N'djili, uwanja wa Kinshasa, 11:20, hesabu ya haraka inakupa saa moja na dakika 20, lakini kitini umekaa saa mbili na dakika 20. Siku ya kurudi tiketi itasema 10:00 hadi 13:20, na wengi hudhani ndege imezunguka. Haikuzunguka. Muda ni uleule.

Fungua ramani uone jambo ambalo mimi hupenda kuwaonyesha watu. Kutoka Luano hadi N'djili kwa mstari wa angani ni takriban kilomita 1,550. Kutoka Luano hadi Nairobi ni karibu hivyohivyo! Sisi wa Lubumbashi tuko katikati. Ila Nairobi iko saa moja mbele yetu, kwa hiyo ndege mbili zinazoondoka hapa 10:00 na kuruka muda sawa zitaandikwa 11:20 upande wa magharibi na 13:20 upande wa mashariki. Ukilinganisha tiketi hizo bila kujua hilo, utaamini Nairobi ni mbali mno.

Halafu uliza aina ya ndege. Jeti hukata kilomita 800 hivi kwa saa ikiwa juu. Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 hukata 500 hivi, nayo safari yetu inapita saa tatu. Uliza pia, kwa maneno haya haya: "Inatua wapi kabla ya kufika?" Kuambiwa kwamba hutabadilisha ndege hakumaanishi kwamba haitatua njiani, katika miji kama Mbuji-Mayi au Kananga. Kushuka, kupakua, kupakia na kupaa tena kunaweza kukuongezea saa nzima. Wakati wa masika nako rubani hukwepa mawingu ya radi, na dakika zinasogea.

Anayekuja kukupokea mpe saa ya Kinshasa, umwambie wazi kwamba ni ya Kinshasa. Na usipange mkutano Gombe, mtaa wa Kinshasa wenye ofisi nyingi, mchana wa siku unayofika. Bulevadi Lumumba, barabara ya kutoka N'djili kuingia mjini, ikifunga kwa magari, unaweza kukaa humo muda mrefu kuliko ulivyokaa angani. Shemeji yangu nilimsihi asogeze miadi yake hadi kesho yake asubuhi, akakubali.

Ninaowahurumia zaidi ni wale wanaoendelea Ulaya usiku uleule kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Kwa kawaida mizigo haitahamishwa kwa niaba yako: utaichukua N'djili, utapanga foleni upya, utapima upya, utapita pasipoti. Ndege ya pili haikungoji. Kwa tiketi za namna hiyo, ndugu zangu wote nawaambia wafike Kinshasa siku moja kabla na walale huko.