Kitabu gani cha Linux uanze nacho (inboksi yangu nayo ipumzike)

Tangu niposti zile picha za maabara ya kompyuta ya sekondari moja huku wilayani, mashine zote zinawaka Linux Mint (Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, Mint ni aina yake mojawapo) na watoto wamekaa wanachapa, simu yangu haitulii. Asanteni kwa pongezi, kwa kweli nimefarijika. Ila swali ni lile lile, kaka nataka kuanza Linux nishushe kitabu gani, na wengine mnanitumia kabisa skrinishoti ya folda imejaa PDF mlizozoa kwenye magrupu ya Telegram eti nichague. Haya, nijibu hapa mara moja.

Kwa wanaoshangaa kwa nini watu wanaikimbilia Linux sasa hivi, huku kwetu sababu kubwa ni mashine zenyewe. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, wakati laptopu nyingi ninazoziona hapa Mtwara ni zile zilizotumika maofisini huko zikaja kwetu, RAM GB 4, betri imechoka. Ukiiweka Mint ya Xfce, ile yenye muonekano mwepesi, humo inakwenda vizuri tu. Kazi ipo, wanaoijua ndio wachache.

Mimi nimejifunzia steshenari. Nilikuwa nikiprinti na kutoa kopi karibu na soko kuu, kutwa nzima flashi za wanachuo zinaingia na virusi vyake, kila faili limegeuka shotikati, unafomati leo keshokutwa yamerudi yale yale. Ikatokea semina ya mambo ya TEHAMA, nikaomba ruhusa kwa bosi, nikapiga pasi shati, nikaenda. Kwenye maswali nikanyoosha mkono nikauliza mtu wa steshenari akitaka Linux aanzie wapi. Mkufunzi akacheka kwanza, halafu ndo akajibu, kijana Linux ni ya mainjinia wa seva, wewe kazana na Word na Excel. Na ukumbi nao ukaangua kicheko. Simtaji jina wala alikotoka, ila mzee kama unapita hapa, picha za maabara umeziona.

Basi nikasema nitajifunza mwenyewe. Shemeji yangu wa Dar akaniokotea kitabu kwa wauza vitabu vya mitumba, kikaja kwa basi, likitabu nene lina CD nyuma, jaladani limeandikwa Red Hat Linux 9. Nililipenda sana lile dude, nikalivika na kava la nailoni. Sasa mwone huyu mtu: Red Hat Linux 9 ni ya mwaka 2003 na ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye laini ile, baada ya hapo kampuni ikabaki na Red Hat Enterprise Linux na upande wa jamii ikaanza Fedora, mimi kwenye laptopu yangu nina Ubuntu 18.04, Linux nyingine kabisa ya 2018. Kitabu kinanifundisha kuweka programu kwa rpm, mashine inataka apt. Kitabu kinasema andika ifconfig uone anwani yako ya mtandao, naandika, mashine inajibu komandi haipo, weka kwanza net-tools. Nafuta naandika upya herufi moja moja nikidhani nimekosea spelingi. Kitabu kinasema huduma zinawashwa kule /etc/init.d, mashine ilishahamia systemd zamani, mfumo mpya wa kuwasha na kuzima huduma. Kila kosa likitokea kwenye skrini namsikia yule mkufunzi anacheka. Kitabu kilikuwa kizuri kwa mashine za wakati wake na mimi nilikuwa nafuata vizuri tu, ila tulikuwa hatuongei lugha moja.

Katikati hapo tuyapite, nilihangaika, nikatoka steshenari, nikafungua kibanda changu Chikongola.

Kwa hiyo leo mtu akiniletea kitabu, la kwanza naangalia mwaka. Jina la mwandishi baadaye. Ubuntu na Debian zilihamia systemd 2015, Red Hat walitangulia 2014 na toleo la 7. Kama kitabu kinajidai kufundisha kuendesha seva, fungua PDF, bonyeza Ctrl na F, andika systemctl, komandi ya hiyo systemd. Lisipotokea hata mara moja, funga. Halafu uliza kinaongelea Linux ipi. Ubuntu, Mint na Debian ni ndugu, wote wanatumia apt, ukiwa na kimojawapo kitabu cha mwenzake utakisoma bila shida kubwa. Fedora na Red Hat ni ukoo mwingine, huko ni dnf. Na vile vitabu vya CentOS mnavyotumiana, Linux ya ukoo huo huo wa Red Hat, jamani, CentOS 8 ilifungwa mwisho wa 2021 na CentOS 7 tarehe 30 Juni 2024, mnasomea nini?

Sasa jina mlilokuwa mnalisubiri. The Linux Command Line cha William Shotts. Mwandishi mwenyewe anakitoa bure kwa leseni ya Creative Commons kwenye tovuti yake, linuxcommand.org, kwa hiyo huibi kitu cha mtu. Kurasa zinazidi 500 ila usiogope, sura ya kwanza inakueleza terminali, lile dirisha la kuchapia komandi, ni kitu gani, ya pili inakutembeza kwenye mafolda, na kila baada ya aya chache kuna kitu cha kuchapa. Hakijajifunga kwenye Ubuntu wala Fedora, kwa hiyo yale ya kwangu ya Red Hat hayakukuti.

Kijana wangu wa kibandani naye nimemwanzishia hicho hicho. Kiingereza chake ni cha fomfoo, cha kawaida kabisa. Anafungua terminali, anachapa ls -l, komandi ya kuorodhesha mafaili, inatoka mistari, mmoja unaanza drwxr-xr-x. Anaunakili kwenye kaunta buku, chini anaandika kwa Kiswahili chake: d ni folda, zinazofuata ni herufi za ruhusa, zile tatu za kwanza ni za mwenye mali, tatu za kundi, tatu za watu baki. Halafu anabadilisha ruhusa kwa komandi ya chmod, anachapa tena ls -l aone kilichohama. Ukurasa mmoja unaweza kumla jioni nzima na mimi simharakishi.

Vitabu vya mtihani kaeni navyo mbali kwanza. LPIC, RHCSA, ni vyeti vizuri na mimi nimo njiani, ila vitabu vyake vingi vinamwandaa mtu ajibu maswali, vinadhani terminali umeshaizoea. The Debian Administrator's Handbook nacho ni bure na nakiheshimu, ila ni cha pili, si cha kwanza. Na cha Kiswahili mnaniuliza. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitutolea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili miaka ile ya 2004, lakini hiyo ni programu ya kazi za ofisi, kama Word na Excel. Kitabu cha mwanzo cha Linux kwa Kiswahili ambacho ningekupa leo ukakimaliza, sina.

Wa YouTube mtaniambia video zinatosha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika kule Somanga, hatujakaa sawa nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika, SEACOM na EASSy. Nani alisoma YouTube wiki ile? Mimi nilikuwa na PDF kwenye laptopu na nilisonga. Halafu acheni kujaza mafolda, vijana wa kusini tuna ugonjwa huu, tunafanya vile vile tunavyofanya na korosho, ghala limejaa ghafi, kubangua hatubangui. Futa hizo PDF zote ubaki na moja. Futa kweli, usizihamishie kwenye flashi. Mtu mwenye kitabu kimoja alichokifikisha nusu ananishinda hoja, mwenye arobaini ambazo hajafungua anataka tu nimwone ana nia.

Kwa watakaoprinti, msiprinti chote, mtatoboka mfuko. Printini sehemu ya kwanza tu, mbele na nyuma, mtu wa steshenari awatilie spairo ili kitabu kilale wazi mezani mkiwa mnachapa. Sehemu ya mwisho ya kuandika skripti isomeeni kwenye skrini.