Kusaga kioo cha darubini kwa mkono hapa Chuga

Mkuu umeuliza kama mtu anaweza kusaga kioo cha darubini mwenyewe hapa Arusha bila mashine au ndo mpaka aagize nje. Unaweza kabisa, changu cha inchi 6 nimekisagia uani Sakina.

Unga wa kusagia usikuumize kichwa. Mimi kaborandamu (unga mkali wa kusagia) na siriamu oksaidi (unga laini wa kung'arishia) nilipata kwa wakata vito, hawa wanaochonga tanzanite ya Mererani, ukiwaeleza vizuri wanakupimia. Kioo tafuta kinene, milimita 19 hivi, fundi akukatie duara. Kisahani cha chini, cha kusagia kioo juu yake, nilitengeneza kwa jipsam nikabandika vipande vya tailizi kwa epoksi, nikakifunga juu ya pipa lililojaa maji.

Unaweka unga namba 80 kidogo (namba ikipanda punje zinakuwa ndogo), matone ya maji, kioo kinakaa juu, unasukuma mbele na nyuma, baada ya misukumo michache unakizungusha kidogo na wewe unahama hatua moja kulizunguka pipa. Cha juu kinaliwa katikati, cha chini kinaliwa pembeni, na kwa vile unasugua kila upande, umbo pekee linaloweza kugusana kila mahali ni la tufe kwahiyo linakuja lenyewe. Sikiliza sauti, unga mpya unakwaruza kwa kelele, ukichakaa unanyamaza, unafuta unaweka mwingine. Kwa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika) ya mita 1.2 kina cha shimo la katikati ni milimita 1.2 hivi tu, mimi nalaza rula ya chuma juu ya kioo napitisha fila geji, ile ya mafundi magari ya kupimia valvu.

Kwenye kuosha ndo nakuomba unisikilize sana. Unatoka 80 unaenda 120, 220, 320 mpaka 600, sasa punje moja ya 80 ikijificha kwenye kucha au kwenye ufa wa jipsam inachora mkwaruzo na kuufuta ni kurudi nyuma hatua nzima. Naosha beseni, mikono, kucha kwa mswaki, nabadilisha hadi shati. Na usihame namba kabla hujapita na lenzi ukaona vishimo vyote vimelingana. Kiangazi upepo wa vumbi ukianza, funga kazi.

Kung'arisha ni lami ya utomvu wa paini na siriamu, na lami inafuata joto. Mchana wa Februari kule Moshi inalegea, ukingo wa kioo unaliwa, ndo maana mimi nasubiri ubaridi wa Juni na Julai.

Kupima tumia njia ya Foucault, yule Mfaransa, ya tangu 1858: tochi yenye tundu dogo, wembe wa kukata mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo, chumba cha giza, kioo kiwe mita 2.4 kutoka ulipo, yaani mara mbili ya fokasi. Aisee inaonyesha kila kitu, ukigusa kioo kwa kidole unaona pale ulipogusa pamevimba kwa lile joto, kwahiyo kiache kipoe kwanza ndo upime. Kwa saizi hii hata ukiishia kwenye tufe safi bila kufika parabola (umbo kamili la kioo cha darubini, limezama katikati kidogo kuliko tufe) umeshakaribia sana kipimo kinachokubalika, anza na inchi 6 achana na 10.

Mwisho kioo kinapakwa madini yanayorudisha mwanga. Alumini inataka mashine ya vakyumu, mimi nilipaka fedha ya kemikali. Ila kabla hujapaka kitie kwenye bomba uangalie mwezi, kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga na kwa mwezi inatosha. Kreta zikiwa na kingo kali, kapake, zikiwa na ukungu rudi kwenye lami.